Kaka mtu kwenye mstari wa kupimia

Jumamosi, jioni

Wiki nzima hii kichwani mwangu kuna kisigino tu. Mzazi akimleta kliniki mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye anatembea, lalamiko la kwanza karibu kila mara ndilo hilo: "Daktari, kisigino hakigusi chini." (Mimi ni mtu wa fiziotherapia, si daktari, lakini nimeshaacha kubishana.) Na kweli hakigusi. Kinachonikera ni jibu linalokuja upesi mno, kwamba kano ya kisigino imekuwa fupi, basi mtoto apasuliwe irefushwe.

Hatuna maabara ya mwendo hapa. Zile za wenzetu zina kamera za infraredi pande zote, vidude vinavyoakisi mwanga vikibandikwa nyongani, gotini na kwenye kifundo, na mabamba sakafuni ya kupima jinsi mguu unavyokandamiza. Sisi tuna veranda. Vipande viwili vya plasta vimeachana mita 10, simu imewekwa juu ya kigoda kuelekea ubavuni mwa mtoto, na kila mwisho kuna nafasi ya mita 2 ili afike kwenye plasta akiwa ameshashika mwendo. Mita ukizigawa kwa sekunde unapata kasi. Ukihesabu na hatua, unajua urefu wake. Video ikisimamishwa, pembe ya goti na ya kifundo zinapimika. Si kwa usahihi wa maabara, lakini zinatosha kukuzuia usiropoke.

Binti wa wiki hii ana miaka 7. Miguu yote miwili imekakamaa, mikono iko vizuri zaidi. Kwa macho, anatembea kwa ncha za vidole. Nikaisimamisha video pale mguu wake wa kulia ulipokuwa umebeba uzito, na kifundo kilikuwa karibu nyuzi 90, sawa na cha mtu yeyote aliyesimama wima. Kilichokunjwa ni goti, na nyonga juu yake. Asiyeamini ainuke ajaribu: kunja magoti huku umekaza vifundo visipite pembe mraba. Visigino vitanyanyuka vyenyewe, na kano yako haina kasoro yoyote.

Watafiti Rodda na Graham wa Australia walipoyapanga makundi ya mwendo wa watoto hawa mwaka 2001, waliitenga hali hii na ile ya kifundo kilichovutwa chini kwelikweli. Si suala la majina tu. Misuli ya shavu la mguu ndiyo inayouzuia muundi usiangukie mbele. Ukirefusha kano ya kisigino kwa mtoto ambaye tatizo lake liko gotini, breki hiyo umeilegeza. Kisigino kitagusa chini, watu watapiga makofi, kisha goti litazidi kukunjika, na mtoto akikua na kuongeza uzito ataanza kuomba kubebwa. Ndiyo maana nasema jicho peke yake lisiachiwe kuamua.

Bibi yake ndiye aliyemleta, pamoja na kaka mtu anayemzidi mwaka mmoja, ambaye alikuwa ameshamaliza kuchungulia kila chumba. Nikamwita apite kwenye mstari.

"Na huyu naye ana nini tena, mwanangu?" bibi akashtuka.

"Hana kitu, bibi. Nataka kumwona mzima anavyotembea."

Alipita kwa madaha kama anakwenda kupokea zawadi. San Diego, Marekani, David Sutherland na wenzake walipima watoto 186 wazima wa mwaka 1 hadi 7, wakatoa matokeo mwaka 1980. Wa miaka 7 alitembea kwa wastani wa sentimita 114 kwa sekunde, hatua yake ikiwa sentimita 48. Wa mwaka mmoja, kasi 64 na hatua 22. Mdogo hupiga hatua nyingi zaidi kwa dakika, 176 dhidi ya 143, lakini mguu wenyewe mfupi. Kwa hiyo hata wazima hawalinganishwi bila kuangalia umri na urefu wa mguu.

Kisha nikamwambia, "Sasa mshike dada yako mkono, mwende kwa mwendo wake." Hatua za kaka zikafupika. Muda wa miguu yote miwili kuwa chini kwa pamoja ukarefuka. Goti lililokuwa likikunjika vizuri mguu ukiwa hewani likakunjika kidogo tu. Mambo ambayo ningeyaandika kwenye kadi ya binti kuwa ni ugonjwa, nikayaona kwa mtoto asiye na tatizo lolote, kwa sababu tu anakwenda polepole! Huko Gillette, hospitali ya watoto ya Minnesota, Marekani, waliwapima watoto 83 wazima kwa kasi tofauti, toka ya kujikokota hadi ya haraka sana, wakachapisha mwaka 2008: kasi inabadilisha karibu kila kipimo cha mwendo.

Ila kisigino cha kaka kiliendelea kutangulia kutua, na goti lake lilinyooka kila lilipobeba uzito. La dada halikunyooka hata mara moja. Hapo ndipo pa kushughulikia.

Jumatatu nitamwandikia daktari wa mifupa. Nitaambatanisha picha ya binti na ya kaka mtu akitembea kwa kasi ileile, na kumwomba kano ya kisigino isiguswe kabla ya kupima misuli ya nyuma ya paja na nyonga mtoto akiwa amelala kitandani. Bibi yeye aliuliza jambo moja tu, kama mjukuu ataweza kupanda daladala mwenyewe. Veranda yangu haina ngazi. Nitapita stendi na futi kamba nikapime urefu wa ile ya mlangoni, kisha nimwombe fundi anichongee ya mbao inayolingana nayo.