Kumvisha Mwewe Pete Kigamboni

Tulivuka na pantoni ya alfajiri kutoka Magogoni. Juu ya soko la Feri mwewe walishaanza kazi: wanazunguka, wanashuka ghafla, wananyakua matumbo ya samaki, huku kunguru wakiwaandama. Mama mmoja mwenye beseni alipoambiwa tunakwenda kumvisha mwewe pete, alicheka: "Kwa hiyo mwizi wangu mnamwoza, wanangu?"

Rafiki yangu ni mtafiti wa ndege, na kibali chake kilikuwa mkobani. Bajaji ikatushusha mashambani. Tego lenyewe ni kitundu cha waya chenye panya ndani, juu yake vitanzi vya nailoni. Mwewe akishukia panya, vidole vinanasa na panya anabaki salama. Mbinu hii asili yake ni India. Kusubiri kwenyewe ni jasho na mbu, sina la kusimulia.

Mwewe wa kwanza aliponasa, rafiki yangu alimfunika kichwa kwa kitambaa, naye akatulia papo hapo. Cha kuogopa ni kucha kuliko mdomo. Pete nyepesi ya chuma, yenye namba na anwani, ikabanwa kwa koleo hadi ikazunguka mguuni bila kukaza. Kazi hii ya pete zenye namba ilianzishwa na mwalimu wa Denmark, Hans Christian Mortensen, mwaka 1899, kwa ndege wadogo.

Mdomo wa huyu ulikuwa mweusi. Nikauliza kama ni mgeni.

"Kwa mdomo peke yake usiape, kaka," alisema.

Mwewe wetu aliyekomaa ana mdomo wa njano, lakini akiwa mchanga ni mweusi. Na wale wanaokimbia baridi ya Ulaya huzeeka na mdomo mweusi. Akakunjua bawa: manyoya yote ya rika moja, ncha zake zimefifia rangi, hakuna lililong'oka na kuota upya. Daftarini akaandika: hajatimiza mwaka. Siku yoyote atakayoonekana tena, hata miaka kumi ijayo, umri wake utajulikana.

Wa pili alikuwa na mdomo wa njano, manyoya mapya yamechanganyika na makuukuu. Yeye aliandikiwa "mtu mzima" tu. Awe na miaka minne au kumi na minne, manyoya hayatofautishi. Kwake hesabu inaanzia siku ya pete.