Miguu ukutani, saa tatu usiku

Mimi ni fundi cherehani, Makorora, Tanga. Kazi hii niliianza nikiwa na miaka 19, leo nina 46, na mabega ya watu niliyoyapima sina idadi yake. Nikimwona mtu anapita barabarani najua bega lake lipi limeshuka, na nani nikimshonea gauni lazima nimwongezee nusu inchi nyuma, la sivyo pindo litapanda. Langu sikuwahi kulipima.

Aliyeliona ni mteja. Bi mkubwa mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa hapa hapa, na Kiswahili chake cha Tanga kinanishinda mimi. Alikuja kujaribu suti yake ya Kipunjabi zimebaki wiki mbili Idi iingie, nami nimezama kwenye madera na kanzu za watoto, hata kiti cha wateja kimefunikwa vitambaa. Niko chini nambania pindo, kila nikiinuka najishika shingo. Akaniangalia kwenye kioo, akasema, "Mwanangu, bega lako la kulia liko sikioni."

Nikacheka. Alipotoka tu nikachukua tepu. Kutoka ndewe ya sikio hadi mwisho wa bega: kushoto inchi sita na nusu, kulia sita kasorobo. Mkono wa kulia ndio wa mkasi, ndio unaosukuma gurudumu la cherehani.

Aliporudi kuchukua suti nikamweleza vipimo. Akasema, usiku ukishamaliza shughuli zako, lala chini, miguu uipandishe ukutani, utulie. Nikamuuliza nikishaipandisha nifanye nini. "Hufanyi kitu. Ndiyo yoga yenyewe."

Mimi yoga nilikuwa naijua ya kwenye simu, wale wasichana wa suruali za kubana wanaosimama kwa kichwa. Na kusema kweli nikaanza na hao hao, kwa kiherehere changu. Kuna mkao wanauita mbwa anayetazama chini: mikono chini, miguu chini, makalio juu. Dakika moja haijaisha viganja vinatetemeka, kanga imedondoka, na mwanangu wa mwisho ameshika mbavu kwa kicheko. Mtu aliyekanyaga pedeli tangu asubuhi kutwangwa tena usiku, hapana. Nikarudi kwenye ukuta wa bi mkubwa.

Kuupanda ukuta kuna ufundi wake. Unakaa ubavu umegusa ukuta, kama mtu anayesikiliza maneno ya chumba cha pili. Kisha unajilaza taratibu huku unageuka, mgongo unashuka jamvini na miguu inapanda. Mara ya kwanza nilikaa mbali, nikaanza kujisogeza kwa visigino, nikapiga teke ndoo ya maji ya kuogea. Sasa nimezoea. Kanga moja naikunja mara nne naiweka chini ya kiuno. Ya pili naifunga mapajani, fundo moja la kulegea, ili miguu isichanuke. Hiyo kanga ya mapajani ndiyo iliyonifungua macho. Kumbe hata mtu akilala bado ana misuli inayomshikilia miguu, na hajui mpaka kitu kingine kiishike badala yake. Siku ya kwanza nilipoifunga nilisikia mapaja yanaachia, halafu kiuno, na baada ya kitambo, bega.

Kwa kuwa sikuamini kanga inaweza kuwa yoga, nilisoma kwenye simu. Nikakuta habari za B.K.S. Iyengar, mwalimu wa Pune, India, aliyefariki 2014 akiwa na miaka 95. Utotoni alikuwa mgonjwa mgonjwa. Alipokuja kufundisha alitumia viti, mikanda, mablanketi na kamba, ili hata mwenye mwili mgumu au mgonjwa aweze kukaa kwenye mkao bila kuteseka. Nikasema basi, kanga zangu zina mwenyewe.

Kingine ninachofanya ni pumzi. Nikilala tu, masikio bado yana mlio wa cherehani, trrr, trrr. Navuta kwa puani nikihesabu nne, natoa nikihesabu sita. Ukitaka kuhakikisha si maneno matupu, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, pale mapigo yanapogonga. Ukivuta pumzi mapigo yanakimbia kidogo. Ukitoa polepole yanapungua mwendo. Mimi nilidhani nimekosea, nikarudia siku tatu. Ndivyo moyo ulivyo, na ndiyo maana ya kurefusha ile ya kutoa. Sikazanii zaidi ya hapo. Nikizidisha hesabu naona kizunguzungu.

Dakika kumi ukutani zinatosha, miguu ikianza ganzi nashuka. Halafu napiga magoti, nakalia visigino, nainamia mito miwili mpaka kifua kiguse, hapo ni mkao wa mtoto. Jirani yangu aliniuliza kama hiyo si ibada ya watu. Nilimjibu kwamba sijda naijua, ni ya swala niliyofunzwa tangu nikiwa na miaka saba, na hii si hiyo. Sina dua ninayosoma hapo, napumzisha mgongo. Anayeona moyo wake unasita asifanye, hakuna aliyemlazimisha.

Wa mwisho ni kulala chali, mikono mbali na mwili, viganja juu, macho yamefumbwa. Usiku mmoja nilikuwa nimelala hivyo, nimejifunika kanga mpaka kidevuni kwa sababu ya mbu, taa nimezima. Mama mkwe akaingia kuomba chumvi. Nilisikia "Inna lillahi!" na mlango ukagonga ukuta. Nikaruka, naye nilivyoruka ndiyo akazidi kupiga kelele. Tulikaa naye mpaka saa nne tukimpa maji ya sukari. Mkao huo kwa Kisanskriti unaitwa shavasana, na shava ni maiti. Hilo sikumwambia, na mkimwona msimwambie.

Dada yangu nimemkataza ukuta. Ana presha ya macho, na kupandisha miguu na kulaza kichwa chini si jambo la kujiamulia. Wenye presha isiyotulia na waja wazito nao wamuulize daktari kwanza.

Kuna wanaoniuliza kama nimepona. Huu ni mwezi wa saba tangu nianze. Nalala vizuri, hilo naapa, na dawa ya kuchua niliyokuwa nikinunua kila mwezi, kopo la mwisho bado lipo nusu. Bega nilipolipima juzi tofauti ilikuwa nusu inchi. Lakini msimu wa sare za harusi ukija, siku tatu nakosa, ya nne nimesinzia juu ya mashine, na kipimo kinarudi kilekile.

Mume wangu mwanzoni alilalamikia rangi ya ukuta. Nyumba ni ya kupanga, na visigino vyangu vimeacha alama mbili za kahawia pale karibu na dirisha. "Nani anayepanda ukuta humu?" akawa anauliza mbele ya wageni. Yeye anaendesha bajaji, kutwa kakaa, usiku akivua viatu unamsikia anavyoguna. Nimemwambia mara mbili ajaribu. Alisema hayo mambo ya wanawake.

Jana nafagia nikaona alama zimekuwa nne. Mbili mpya zimepita zangu kwa inchi tano na robo, nimezipima kwa tepu. Sijamuuliza.