Jina nililopewa kabla ya kazi

Agosti 2023 nilirudisha kitambulisho cha kazi pale mapokezi, pamoja na funguo na kompyuta ya ofisi. Nilikuwa meneja wa tawi kwa miaka tisa, na kampuni ilikuwa inapunguza watu. Mshahara uliniuma, lakini kuna kilichoniuma zaidi. Kijijini kwetu, Old Moshi, watu walikuwa wameshaacha kuniita kwa jina langu. Niliitwa Meneja. Mama mwenyewe aliniita hivyo mbele ya wageni.

Aliyezaliwa Kilimanjaro anaijua Desemba. Walio mjini wote wanapanda mlimani, na ukishasalimiwa tu unaulizwa: "Siku hizi uko wapi?" Nilifikiria kusingizia kwamba nimenyimwa likizo. Mke wangu, ambaye ndiye pekee aliyejua, alikataa kabisa. Tukapanda basi.

Siku ya Krismasi nilidanganya watu watano au sita. Nilisema kazi inaendelea vizuri, na kila niliposema hivyo nilizidi kuogopa, maana nilijiona sina kitu kingine cha kujieleza nacho. Nilikuwa mtu mzima wa miaka 37, mume na baba, mwimbaji wa kwaya tangu ujana, lakini cheo kilipoondoka nilihisi nyumba imebaki tupu.

Jumapili ya tarehe 31 Desemba, mchana, nilimkuta mama jikoni akimenya ndizi za mtori. Nikamwambia yote. Hakupiga kelele wala hakulia. Alinawa mikono, akaingia chumbani, akarudi na bahasha ya kaki kutoka kwenye sanduku lake la bati. Ndani yake kulikuwa na cheti changu cha ubatizo cha mwaka 1986: jina langu, majina ya wazazi, ya wasimamizi wawili, na sahihi ya mchungaji.

"Baba," akaniambia, "kile cha ofisini walikupa wao, wamekichukua. Hiki nani amekichukua?"

Sikuwa na jibu. Usiku tulikwenda kwenye mkesha, na kesho yake asubuhi tukarudi kanisani. Katika kalenda yetu ya Kilutheri, Januari 1 tunakumbuka Yesu alipopewa jina, siku ya nane tangu kuzaliwa kwake. Somo ni Luka 2:21. Nimelisikia tangu utotoni, na kwangu lilikuwa somo fupi la siku ambayo watu wamechoka na mkesha. Safari hii lilinishika. Jina lile lilitajwa na malaika kabla mtoto hajachukuliwa mimba: kabla ya useremala, kabla ya mahubiri, kabla ya muujiza wowote. Nikakumbuka pia Yesu akibatizwa mtoni Yordani, Mungu Baba anamwita Mwana mpendwa wakati bado hajamponya mtu hata mmoja.

Kabla ya kufunga ibada, mzee wa kanisa aliwaomba waliotoka mbali wasimame wajitambulishe. Zamu yangu ilipofika magoti yalilegea. Nilitaja jina langu, nikasema mimi ni mtoto wa mama yule pale, nilibatizwa katika kanisa hili, kwa sasa sina kazi, naomba mniombee. Nikaketi. Nje, kwenye mnada wa sadaka, jamaa mmoja niliyesoma naye alinivuta pembeni ya watu. "Na mimi tangu Machi," akasema. Alikuwa hajamwambia hata mke wake.

Sitasema hofu iliisha siku hiyo. Januari ina ada za shule, na ada haingoji mtu apate amani moyoni. Nilichofanya niliporudi Dar es Salaam ni kushika kitu kimoja kutoka Katekisimo Ndogo, kitabu cha mafundisho cha Martin Luther tulichofundishwa kwenye kipaimara: kwamba ubatizo ni jambo la kila siku, mtu wa kale afe na mtu mpya afufuke. Basi kila asubuhi ninaponawa uso nataja jina langu, nasema nimebatizwa, kisha nasoma Isaya 43:1: "Usiogope, maana nimekukomboa, nimekuita kwa jina lako, wewe u wangu." Februari nilikosa kazi niliyoitegemea sana. Siku ile nililala mchana kutwa. Kesho yake nikanawa uso, nikataja jina langu tena.

Halafu niliwapigia marafiki niliokuwa nawakimbia, nikawaambia ukweli. Mmoja wao alinipeleka kwenye duka la vifaa vya ujenzi lililohitaji mtu wa kuweka hesabu. Niko pale tangu Aprili. Mshahara haufiki nusu ya ule wa zamani, nami naifanya kazi hiyo kwa moyo mweupe.

Cheti nilimwomba mama nije nacho. Alikataa. Alisema kitakaa kwenye sanduku, mahali kilipo tangu 1986, na nikitaka kukiona nirudi nyumbani.