Hiace yangu ilikuwa inachemsha kwa sababu ya friji

Wagosi habari zenu. Leo naandika habari za gari, maana nimehangaika nayo miezi minne na sipendi mtu mwingine amwage hela kama nilivyomwaga mimi.

Gari yenyewe ni Hiace ya 1996, dizeli. Nilitoa siti za nyuma nikaweka kitanda, jiko la gesi, friji ndogo ya volti 12 na betri ya pili chini ya kitanda, ili tukienda Pangani au milimani na watoto tusihangaike na gesti. Naipenda sana hii gari, niseme ukweli.

Sasa Ijumaa moja tumetoka Tanga baada ya alasiri tunaenda Lushoto kwa mama mkwe, friji imejaa nguru na changu wa kumpelekea. Muheza, Segera, Korogwe, safi kabisa, mshale wa hiti uko chini ya nusu. Tunafika Mombo giza limeingia tukaanza kupanda, na mnaoijua ile barabara mnajua, kona juu ya kona, gia ya pili muda wote. Kabla ya Soni mshale ukaanza kupanda, na taa nyekundu ya betri nayo ikawa inawaka kwa mbali, haijakolea, kama kaa linalotaka kuzima. Nikaegesha. Mvuke, harufu ya raba inayoungua, mama watoto anawashusha watoto huku anasoma dua.

Tulikaa karibu saa nzima. Kifuniko cha rejeta sikukigusa na nawaombeni na nyie msikiguse kikiwa cha moto, yale maji yamebanwa na presha, ukifungua yanakurukia usoni yanachemka. Ilipopoa nikaongeza maji, nikazima friji na feni ya ndani ili betri isiniishie kule, tukapanda mpaka Lushoto na mshale haukusogea. Nikasema labda ilitaka kupumzika. Kumbe jibu lilikuwa palepale, nikalipita.

Nimerudi Tanga kila fundi ana lake. Wa injini akasema silinda hedi gasketi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku, imekwenda, tushushe. Wa umeme akasema altaneta, ile inayozalisha umeme na kuchaji betri, imekufa. Nikanunua altaneta ya mtumba, nikanunua na betri mpya, wiki mbili baadaye usiku tena naenda Muheza taa nyekundu ile ile. Hapo nilikaa kitandani ndani ya gari nikatamani kulia.

Gasketi nilikataa, maana dalili zake nilikuwa nazijua: unafungua rejeta injini ikiwa imepoa, unawasha, unaangalia kama mapovu yanapanda bila kuisha, unachomoa stiki uone kama oili imekuwa kama chai ya maziwa, unatazama kama eksozi inatoa moshi mweupe hata injini ikishapata moto. Yangu haikuwa na hata moja. Kushusha silinda hedi bila kuona hata dalili moja ni kumuonea mwenye gari.

Mtu akanielekeza kwa mzee mmoja Chumbageni, fundi waya wa zamani, anafanyia kazi chini ya mwarobaini. Shikamoo mzee, marahaba, nikamueleza kila kitu. Hakushika hata spana. Akauliza, "Mwanangu, ilipochemsha ulikuwa umewasha nini?"

Taa kubwa, friji, feni ya ndani. "Na ulipozima?" Ikaacha.

Akainua siti ya abiria, maana Hiace injini iko chini ya siti, akaniambia weka kidole hapa. Kila kitu kando ya mkanda unaozungusha altaneta kilikuwa na unga mweusi, laini kama masizi ya chungu. Mkanda wenyewe ubavuni ulikuwa unang'aa kama umepakwa vanishi. Akachukua mita ya volti. Betri kabla ya kuwasha, 12.3. Tukawasha, ikapanda 14.1, nikasema mzee mbona inachaji? Akasema subiri. Taa kubwa, feni, friji, na betri ya nyuma ilikuwa imeshuka chini, mita ikaanza kuteremka, 13, 12.6, 12.3. Akahamisha waya wa mita akagusa kwenye nati ya altaneta yenyewe, ile ile 12.3 na kidogo. Maana yake umeme haupotei njiani kwenye waya, haupatikani kuanzia kwenye altaneta. Kisha akamwagia mkanda maji kidogo injini ikiwa inazunguka, ukapiga kelele zaidi. Mkanda ulikuwa unateleza.

Hapa ndipo nilipoelewa, na ndiyo sababu naandika. Altaneta isiyo na mzigo inazunguka kirahisi tu, lakini ukiidai umeme inakuwa nzito. Ampia 45 kwa volti 14 ni wati 630, na altaneta za hizi gari karibu nusu ya nguvu inapotea kama joto, kwa hiyo mkanda unabeba zaidi ya wati 1,200, hosipawa moja na nusu hivi. Mkanda uliochoka hauwezi, unateleza. Na kwenye gari yangu mkanda huo huo ndio unaozungusha wota pampu na feni ya rejeta! Mlimani unakwenda polepole, upepo wa mbele hakuna, unategemea feni na pampu tu, na vyote viwili vimelegea kwa sababu friji na betri ya nyuma vinadai umeme. Mtu wa injini alikuwa anaangalia maji, mtu wa umeme anaangalia chaji, hakuna aliyeangalia kitu kinachowaunganisha.

Tukafunga mkanda mpya, tukasafisha na mfereji wa puli unapopita, mkanda ukiubonyeza kwa dole gumba katikati unaingia kama sentimita moja. Baada ya siku chache uurudie kuukaza maana mkanda mpya huwa unanyooka.

Kilibaki kitu kimoja. Nikiwasha taa kubwa mshale wa hiti unaruka juu papo hapo, nikizima unarudi. Injini haiwezi kupata moto kwa sekunde moja, hiyo ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi kati ya bodi na injini. Tukapima kati ya injini na bodi taa zikiwa zinawaka, tukakuta volti 0.9, wakati isizidi 0.2. Waya wa ethi ulikuwa umeliwa na kutu ya kijani, nikiukunja nyuzi zinakatika kama majani makavu. Nakaa Raskazone, upepo wa bahari una chumvi, na wenzangu mnaokaa karibu na maji nawasihi mchungulie huo waya kabla ya kununua betri.

Na jamani, mafundi wanaochomoa terminal ya betri gari ikiwa inaunguruma eti wanapima altaneta, wakatazeni. Volti inaruka ghafla, inaweza kuua daiodi na katauti (kile kinachodhibiti chaji), altaneta iliyokuwa nzima ukaiua wewe. Mita ya bei rahisi inakupa jibu bila kuchomoa kitu.

Juzi tumepanda tena usiku, makusudi, friji imejaa, taa, feni, kila kitu kinawaka. Nimechomeka kile kimita cha kwenye kiberiti cha gari, mama watoto ananisomea kila baada ya kona: 13.9, 13.8, 13.9. Soni tumepita mshale uko chini ya nusu, na nguru kafika kwa mkwe bado ana barafu.