Ukoko kwenye hita ya jakuzi, vile nilimalizana nao hapa Nakuru

Mzee wangu ana magoti mabaya, arthraitisi imemsumbua miaka mingi, na ndio maana tuliweka jakuzi ndogo hapa kwetu Lanet, ya mitumba, inabeba kama lita 1,000, maana akikaa kwa maji ya moto jioni analala mpaka asubuhi bila kuamka. Kwa hivyo ilipoanza kusumbua sikuichukulia kama mchezo.

Ilianza polepole. Maji yanachukua masaa mengi kufika digrii 38, tokeni za stima zinaisha haraka, alafu ukipitisha mkono pale maji yanapoishia kwa ukuta unasikia mkwaruzo kama msasa. Siku moja skrini ikaandika FLO na hita ikajizima. FLO maana yake maji hayapiti vizuri kwa hita. Nikaosha filta, ikafanya kazi siku mbili, ikazima tena. Fundi akaja akaniambia, "Madam, elementi imekufa, nunua ingine." Nikanunua hiyo elementi, kile chuma cha ndani ya hita kinachopasha maji moto. Miezi mitatu tu, tukarudi pale pale.

Hapo nikaamua kuifungua mwenyewe. Nikaweka maji kidogo kwa chupa ya kupima baadaye, nikazima stima kwa mein swichi (si ile batani ya jakuzi), nikamwaga maji yote, nikachomoa hita. Yaani elementi haikuonekana kabisa, imevikwa ukoko mweupe wa kijivu kama ule wa birika, ukigonga na kijiko unabanduka vipande vipande kama ganda la yai. Nikaweka kipande kwa kisosa nikadondoshea vinega, kikatoa povu shhh. Kikitoa povu hivyo ujue ni kalsiamu kaboneti na asidi itaitoa. Kisipotoa povu ni kitu kingine, usipoteze vinega yako.

Sasa inatoka wapi? Majirani wote waliniambia ni floridi, ile ya kufanya meno yawe kahawia hapa Nakuru. Floridi ni shida kweli, ya meno na mifupa, lakini ukoko wangu ulikuwa umeshajibu kwa vinega. Nikanunua karatasi za kupima, nikapima maji ya kisima kabla hayajaingia popote, kalsiamu ilikuwa kidogo tu, kama miligramu 50 kwa lita (vipimo vyote hapa ni hivyo), lakini alkali, yaani hasa bikaboneti iliyo kwa maji, imepita 300. Visima vingi huku Bonde la Ufa viko hivyo, bikaboneti nyingi na kalsiamu chache. Nikapima ile chupa ya maji ya jakuzi, kalsiamu imefika 240! Nikakaa nikafikiria, kisima hakijaileta, nani ameileta? Nikaenda stoo nikasoma mkebe wa klorini ya chembechembe ninayoweka kila jioni: kalsiamu haipokloraiti. Ukiongeza klorini 10 ya aina hiyo unaongeza na kalsiamu kama 7, na maji hayabadilishwi, inajikusanya tu kila siku. Alafu jeti zikipiga maji zinatoa gesi ya kaboni dayoksaidi iliyo ndani yake, pH (kipimo cha asidi, ikipanda asidi imepungua) inapanda, kalsiamu inashikana na ile bikaboneti inakuwa kalsiamu kaboneti, na hiyo si kama sukari, maji yakipata moto zaidi ndio inakataa kuyeyuka, kwa hivyo inaenda kukaa pale kwenye moto kuliko pote, kwa elementi.

Kusafisha hakukuwa kazi kubwa. Nilinunua asidi ya limau ya unga, ile ya duka la vitu vya kuoka, gramu 100 kwa lita moja ya maji vuguvugu, nikaloweka usiku mmoja, asubuhi elementi inang'aa na haikuwa imekufa. Na ile ya kwanza niliyotupa pengine ilikuwa mzima pia, hiyo bado inaniuma. Usikwangue na kisu, usitumie asidi ya kusafisha choo maana inakula chuma cha hita, na tafadhali sana asidi yoyote isikutane na klorini, gesi yake inaua.

Kujaza upya, nilichanganya nusu maji ya kisima na nusu ya mvua kutoka tangi la paa, alkali ikashuka mpaka 160. Kuiteremsha ifike 80 nilitumia asidi kavu ya mabwawa ya kuogelea (sodiamu baisalfeti), kwa lita 1,000 unahitaji kama gramu 240 kwa kila 100 unayotaka kushusha, mimi niliweka kama 190, kidogo kidogo kwa siku mbili huku pampu inazunguka, nikipima kila mara. pH naiweka kati ya 7.4 na 7.6. Klorini nikahamia ile ya dikloro, haina kalsiamu, lakini inaacha kitu kingine kinachojikusanya kwa maji kwa hivyo kila miezi mitatu namwaga nabadilisha.

Wiki iliyopita nimefungua hita tena, ni miezi mitano sasa. Nimekuta vumbi jeupe jembamba, nikalipangusa na kidole gumba likatoka. Nikafunga, nikawasha stima, na kabla hata haijafika 38 mzee alikuwa ameshakaa kando ya jakuzi na taulo yake begani.