Umempata Nduguyo

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimekwama kwenye neno moja la Kigiriki, kerdaino. Maana yake ni kupata faida, na ni neno la sokoni kabisa. Yakobo analitumia kwa wale wanaojipangia kuingia mji fulani, wakae mwaka mzima, wafanye biashara na kupata faida (Yak 4:13). Yule mtumwa wa talanta mbili aliyechuma nyingine mbili, ni neno hilohilo (Mt 25:17). Nomino yake ni kerdos, na ndiyo iliyomo katika "kufa ni faida" (Flp 1:21). Hapo Kiswahili chetu hakijaficha kitu.

Sasa fungua Mathayo 18:15. "Na ndugu yako akikukosa, enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu, akikusikia, umempata nduguyo." Miaka yote nilisoma hilo "umempata" kama tunavyosema nimempata kwenye simu. Kumbe ni kerdaino. Umepata faida, na faida yenyewe ni mtu. Kuombwa radhi hakukutajwa, wala kulipwa.

Luka naye ana agizo la kumwonya ndugu na kumsamehe akitubu (Lk 17:3), lakini katika agizo hilo neno hili hana. Limo katika Injili yenye jina la Mathayo, mtoza ushuru aliyeitwa akiwa ameketi forodhani. Sitaapa kwamba ndiyo sababu, ila sura yote ile ya 18 inanukia daftari. Petro anataka idadi: nisamehe mara ngapi? Anajibiwa kwa mfano wa madeni. Dinari moja ilikuwa kibarua cha siku, na talanta ni kama dinari 6,000. Yaani mtumwa wa talanta 10,000 alisamehewa vibarua vya siku milioni 60, akatoka nje akamkaba koo mwenzake kwa vibarua vya siku 100.

Huwa namcheka yule mtumwa. Lakini mimi nina duka.

Mwaka juzi dada mmoja, tuliyekuwa tunaimba naye sauti ya pili kwaya, alikopa kwangu vitu vya 86,500, kisha akaanza kunikwepa. Ile "wewe na yeye peke yenu" niliiruka. Kwanza nilimsema kwa wenzetu wawili. Halafu Jumapili moja nikamfuata nje baada ya ibada, daftari mkononi, nikamsomea: mchele kilo kumi, mafuta lita tano, unga, sukari. Akinamama waliokuwa karibu wakajifanya wanawafunga watoto viatu. Hela aliileta kabla wiki haijaisha, noti za elfu mbili mbili zilizokunjwa kwenye kitambaa. Nikapiga mstari, nikaandika AMEMALIZA. Kwaya hakurudi tena.

Kihesabu sikuwa na kosa. Ndiyo maana Mathayo 16:26 umenichoma: "atafaidiwa nini mtu akiupata ulimwengu wote, na kupata hasara ya nafsi yake?" Hiyo "akiupata" ni kerdaino tena, na hasara imeandikwa palepale kando yake, kama safu mbili za daftari moja. Mimi nilikuwa najaza safu moja tu. Paulo alijaza tofauti. Katika 1 Wakorintho 9:19-22 anarudia neno hili mara tano, na kila mara anachochuma ni watu: Wayahudi, wasio na sheria, walio dhaifu.

Juzi nilikwenda kwake, bila daftari. Mlango ulikuwa na kufuli. Mtoto wa jirani akaniambia mama huyo siku hizi anauza maandazi stendi, hurudi magharibi. Akaniuliza, nimwambie nani alikuja? Nikasita kidogo, kisha nikataja jina langu.

Nitarudi Alhamisi jioni. Mniombee.