Solidago za Mjomba

Mjomba wangu alianza kufuga nyuki akiwa kijana huko Tabora, na alipohamia Marekani hakuiacha kazi hiyo. Mizinga yake aliiweka pembezoni mwa shamba lililokuwa limeachwa bila kulimwa, si mbali na Ziwa Cayuga katika jimbo la New York. Inapofika Septemba mashamba ya namna hiyo huwa manjano tupu kwa maua ya solidago, na humo nyuki hukusanya akiba yao kubwa ya mwisho kabla ya baridi. Jumamosi moja ya mwezi huo aliniita, kwa kuwa alijua nilikuwa nikisomea botania, akaniambia bila kuzunguka: "Mwanangu, nyuki hawa wanaleta asali ya manjano tangu mwisho wa Julai mpaka Oktoba inaingia. Mmea mmoja hauwezi kuchanua muda wote huo. Nitenganishie."

Alikuwa amesema kweli. Jenasi ya Solidago ina takriban spishi 100, nyingi kati yake zikiwa za Amerika Kaskazini, na katika shamba moja la zamani unaweza kukuta nne au tano zikiwa zimechanganyikana. Zote ni za jamii moja na alizeti, kwa hiyo kinachoonekana kama ua moja dogo ni kichwa chenye maua mengi madogo zaidi yaliyobanana. Anayeanza na rangi ya maua hafiki mbali, kwa sababu karibu yote ni manjano ileile. Nilimwomba mjomba ayaache maua kwanza, ashike shina na kulipapasa kutoka chini kwenda juu.

Karibu na barabara, kwenye udongo mkavu, tulikuta Solidago juncea, ambayo ilikuwa imekwisha kuchanua na kubaki na mbegu zenye manyoya. Shina lake ni laini, na majani makubwa ya chini bado yapo wakati wa maua, jambo ambalo majirani zake hawana, kwani kwao majani ya chini hukauka mapema. Huyu ndiye aliyekuwa akiwalisha nyuki Julai. Mjomba aliandika katika daftari lake, tukasonga mbele.

Kwenye mfereji penye unyevunyevu palisimama Solidago gigantea, mirefu kutupita kimo. Shina lake halina vinyweleo hata kimoja, na limepakwa nta nyembamba ya rangi ya majivu inayoelekea buluu. Mjomba alipitisha kucha ya kidole gumba juu yake. Nta ikatoka, na chini yake kukabaki mstari wa kijani uliong'aa. Nilimpa lenzi yangu ya mkono atazame matawi yaliyobeba maua, naye akaona kwamba huko juu vinyweleo vipo, ingawa shina zima lilikuwa na upara. Tofauti hiyo kati ya shina na matawi ya maua ndiyo alama ninayoiamini kuliko zote kwa spishi hii.

Solidago rugosa haikutusumbua. Shina lake lina vinyweleo vingi, lakini jani ndilo linaloitambulisha: limekunjamana, na mishipa yake ya pembeni hutoka kwa zamu pande zote za mshipa mkuu, ilhali majani ya gigantea, na ya Solidago canadensis na Solidago altissima tulizozikuta baadaye, yana mishipa mitatu mikubwa inayokwenda sambamba kutoka karibu na kikonyo. Mjomba alipoligeuza jani na kuliinua kwenye mwanga, alicheka kwa furaha. "Huku ni kama mtundu na muba," alisema. "Mgeni wa msituni anaona mti mmoja tu. Lakini kwenye mtundu vijani vikubwa viko mwishoni mwa jani, na kwenye muba vikubwa viko katikati." Tangu hapo sikuhitaji kumweleza jambo mara mbili. Mtu aliyekwisha kujifunza kutenganisha miti ya miombo kwa jani lake ana jicho tayari.

Kazi kubwa ilikuwa kati ya Solidago canadensis na Solidago altissima. Linnaeus alizipa zote mbili majina mwaka 1753, na baadaye wataalamu wengi waliziunganisha kuwa moja, uamuzi ambao mimi naona ulificha mengi. Canadensis ina kromosomu 18, na altissima ya mashariki mwa Marekani kwa kawaida ina 54. Shambani hatuhesabu kromosomu, kwa hiyo tulipapasa mashina: la canadensis ni laini sehemu ya chini na lina vinyweleo juu, la altissima lina vinyweleo vifupi kote, na jani lake linakwaruza kidole kama msasa. Vichwa vya maua vya altissima pia ni vikubwa kidogo. Nilivipima kwa rula kuanzia chini ya vijani vinavyovizunguka: vya altissima vilifika milimita 3 au kuzidi, vya canadensis vilipungua hapo. Machipukizi machache yaliangukia katikati, nasi tukayaandika "kundi la canadensis" bila kuyalazimisha.

Kwenye shina moja la altissima kulikuwa na nundu ya mviringo. Mjomba aliipasua kwa kisu, na ndani, kwenye chumba kidogo, alikuwamo buu mweupe wa nzi Eurosta solidaginis, ambaye hukaa humo majira yote ya baridi.

Tuliporudi kwenye mizinga, harufu nzito ya nekta ya solidago inayokaushwa ilikuwa imetanda pale, harufu ambayo wafugaji wengi hawaipendi na mjomba aliipenda sana. Alilifungua daftari, akapanga spishi kwa mwezi wa kuchanua, akaiweka altissima ya mwisho. Kisha akaamua kwamba kuanzia mwaka uliofuata atatoa masanduku ya juu ya mizinga, yale ya kuvunia asali, kabla altissima haijafunguka, na asali yote itakayotoka kwake ataiacha ndani ya mizinga, iwe chakula cha nyuki wakati wa theluji.